Punda apimwe kwanza, ndipo kijana wa mkokoteni ashtakiwe

Kwa Msimamizi,
Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma,
Mombasa.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu kesi za ukatili kwa wanyama, hasa zile za punda wa mikokoteni. Kazi yangu ni kumsaidia daktari wa mifugo huku Kisauni, na baadhi ya punda wanaotajwa mahakamani nimewaosha vidonda kwa mikono yangu. Ombi langu ni moja: mtu asifunguliwe mashtaka ya ukatili kabla daktari wa mifugo hajampima mnyama na kuandika alichokiona.

Sitetei wakatili. Wapo, na wanaumiza moyo. Nimemwona punda aliyefungwa kamba ya nailoni mpaka ikazama kwenye nyama ya mguu, na mwenyewe amesimama kando akiuliza kama kesho ataweza kubeba maji. Kwake yeye ni punda afe mzigo ufike. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inamjua mtu huyo tangu zamani. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita kiasi, kumtumikisha akiwa mgonjwa au ameumia, kumnyima chakula na maji. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Wengi husema faini hiyo ni ndogo mno, nami niko pamoja nao.

Kinachonitia wasiwasi ni jinsi kesi zenyewe zinavyoanza. Mpita njia anapiga picha kwa simu, anairusha mtandaoni, watu wanapandwa na hasira, na kufikia jioni kijana wa mkokoteni yuko ndani. Picha inaonyesha kidonda, haionyeshi kimetoka wapi. Kidonda cha kifuani kinachofuata mstari wa ukanda kimeletwa na matandiko mabaya, na anayemwendesha punda huyo ana la kujibu. Alama za fimbo zina sura yake: ziko makalioni na mgongoni, ndefu, nyingine mbichi, nyingine zimeshakuwa makovu. Halafu kuna vidonda ambavyo nzi huviingizia mabuu ya minyoo wakati wa joto, vikaota nyama nyekundu na kukataa kufunga hata ukivisafisha kila siku. Punda wenye vidonda hivyo nimewatibu wakiletwa na watu wanaowapenda, waliokuja kliniki kwa miguu yao. Kwenye picha wanatisha kuliko yule wa fimbo.

Hata kukonda kuna maelezo yake. Sisi humpapasa punda mbavu, uti wa mgongo na nyonga, tukampa alama kutoka 1, aliyekonda kabisa, mpaka 5, aliyenenepa kupita kiasi. Punda mzee aliyepoteza magego anaweza kupata alama ya 2 na majani yamejaa mbele yake. Utajuaje bila kumfungua kinywa?

Kijana akisomewa shtaka, mara nyingi anakubali kosa. Nilimuuliza mmoja kwa nini alikubali ilhali kidonda kile tulikuwa tunakitibu sisi, na kadi ya kliniki anayo. Akaniambia, "Daktari, nikikataa nitalala ndani, na wanangu watakula nini?" Hakujua kwamba Katiba, kifungu cha 49(2), inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa alilosomewa ni la aina hiyo hasa. Hakujua kwamba kifungu cha 50 kinampa haki ya kuelezwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake, kupata muda wa kujitayarisha, kuleta ushahidi wake na kuupinga wa upande wa mashtaka, na kupewa mkalimani bila malipo kama lugha ya mahakama haielewi. Kadi ile ya kliniki ndiyo iliyokuwa utetezi wake, na hakuna aliyemuuliza kama anayo.

Kuna na mwingine asiyefika kizimbani kabisa. Vijana wengi wanaendesha punda wasio wao: asubuhi anamchukua, jioni anapeleka hesabu. Anayeamua ukanda ubadilishwe lini na punda apumzike lini ni tajiri, yaani mwenye punda. Sheria hiyohiyo ya Sura 360 inamshika mwenye mnyama aliyeruhusu ukatili. Daktari akiandika kwamba kidonda ni cha miezi, na kijana ameanza kazi juzi, mtajua nani wa kuitwa.

Naomba pia mmfikirie punda aliyekamatwa. Niliwahi kuitwa kwenye kituo kimoja cha polisi kumtazama punda aliyeshikwa kama kielelezo. Alikuwa amefungwa chini ya mti wa mkungu, na kivuli kilikuwa kimeshamhama. Ndoo haikuwepo. Nilipomtekea maji alikunywa mpaka yakaisha bila kuinua kichwa, na yule mshukiwa, akituchungulia kutoka ndani, akaniomba nimlegezee kamba ya shingo.

Mheshimiwa, polisi huleta faili, lakini mamlaka ya kushtaki ni ya ofisi yenu chini ya kifungu cha 157 cha Katiba. Faili isiyo na ripoti ya daktari irudishwe. Ripoti iseme umri wa mnyama kwa meno yake, alama ya mwili, kila kidonda kiko wapi na ni cha muda gani, na iwe na picha zenye tarehe. Ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo nakala ya barua hii naipeleka idara ya mifugo ya kaunti, wamteue daktari wa kupigiwa simu punda anaposhikwa, na mahali pa kumlaza penye maji na kivuli.

Kijana wa kosa la kwanza, ambaye shida yake ni ukanda mbovu, sera yenu ya mwaka 2019 ya kumaliza kesi ndogo nje ya mahakama inamfaa: apewe muda atengeneze matandiko, kisha daktari amkague punda tena. Yule wa kamba ya nailoni mshtakini, ripoti mkononi, na muiombe mahakama punda asirudi kwake.

Niko tayari kuketi na waendesha mashtaka wako siku yoyote mtakayopanga, huku kliniki, tuwaonyeshe kidonda cha fimbo, cha ukanda na cha nzi.

Wako mwaminifu,
Msaidizi wa daktari wa mifugo, Kisauni