Risala ya Klabu ya Sataranji kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalaam aleykum.

Mheshimiwa, leo asubuhi kabla hujafika, ukumbi huu ulikuwa kimya hata feni inasikika. Mezani walikaa wachezaji wetu wawili pekee wenye viwango vya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia: kaka wa kidato cha sita na dada wa kidato cha tatu. Kaka kamzidi pointi nyingi. Mwisho wa mchezo yeye ana malkia. Dada kabakiwa na ngome moja na askari mmoja aliyezibwa njia, mfalme wake kabanwa pembeni. Sisi tuliosimama nyuma tulishakata tamaa.

Ndipo dada akaisogeza ngome yake hadi ubavuni mwa mfalme wa kaka, haina mlinzi. Akaiandika hatua kwenye karatasi, akafunika kalamu. Kaka akaitazama weee! Asipoila, itamfuata kila anapokimbilia. Akiila, mfalme wa dada hashambuliwi, lakini hana pa kukanyaga wala kete nyingine ya kusogeza, na kanuni inasema hiyo ni sare. Akaila. Wakapeana mikono. Wazee wa bao waliokuja kutazama walipiga makofi kabla yetu.

Mheshimiwa, kwa hesabu za viwango alizobuni Arpad Elo, ambazo FIDE inazitumia tangu 1970, ukitoka sare na aliyekuzidi unapanda pointi. Dada hatapanda. Mchezo ule hauhesabiki popote, kwa kuwa hatuna saa za mashindano, zile za mezani zinazopima muda wa kila mchezaji, wala mwamuzi anayetambuliwa. Viwango walivyonavyo walivifuata Dar es Salaam: boti kutoka Mkoani hadi Unguja, boti nyingine hadi bara, na nauli ni za wazazi. Mchezaji mpya anahitaji michezo 5 na wenye viwango ndipo apate cha kwake. Wenzetu 22 hawajaweza kuvuka, na wamo wanaomsumbua hata huyo kaka.

Tunaomba saa 10 za sataranji, na walimu wetu wawili wasomeshwe uamuzi. Mbao tunazo, tumezichora wenyewe kwenye plaiwudi.

Karatasi ya mchezo wa leo, yenye saini zao wote wawili, tumeiambatanisha na risala hii. Tunaomba uipokee.

Ahsante.