Wauza samaki wa mapambo, waambieni watu kwanza habari ya maji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hawa samaki wa mapambo, maana hapa Mtwara mjini siku hizi unaingia saluni unakuta tangi la kioo, unaenda kwa mtu unakuta tangi sebuleni, na mimi nafurahi sana kuona hivyo, ila samaki wanakufa mno na hakuna anayewaambia watu kwa nini. Na wanaokufa wengi ni hawa mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na wa bluu, samaki wetu kabisa wa kule Mbamba Bay na Liuli, barabara yetu hii hii ukipita Masasi na Songea unafika. Wazungu wanawafuga majumbani kwao tangu miaka ya 1960 na wanazaana, sisi wenye ziwa wanatufia ndani ya wiki. Inaniuma.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Fundi vioo alinitengenezea tangi la urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 50, yaani lita 240 (na ujue hizo ni kilo 240 za maji peke yake, bado mawe, kwa hiyo meza ya tivii haifai hata kidogo). Siku hiyo hiyo nikanunua mbuna 12, muuzaji akaniambia jaza maji ya bomba, washa pampu, tia samaki. Siku ya nne wako juu wanahema, Jumapili wamebaki watatu. Majirani wakasema ni joto la Mtwara. Jamani sio joto, mbuna anataka nyuzi 24 mpaka 27, hapa kwetu hita karibu huihitaji, labda ile Novemba na Desemba jua likiwa kali ndo uongeze pampu ya hewa maana maji yakipata moto hayashiki hewa nyingi.

Kilichowaua ni maji mapya. Samaki akinya na chakula kikibaki inatokea amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hawa bakteria hawapo kwenye tangi jipya, wanaota polepole kwenye sponji ya filta na kwenye mawe, wiki nne mpaka sita hivi. Kwa hiyo unawasha kila kitu bila samaki, unatia punje chache za chakula kila siku zioze humo ndani wapate cha kula, unasubiri. Kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi muombe kipande cha sponji yake chafu, hiyo ni zaidi ya dawa yoyote ya dukani. Na ukija kuisafisha usiioshe bombani, klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba, itaua bakteria wote, ioshe kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Maji ya bomba nayo yalaze kwenye pipa wazi siku nzima kabla hujayatia, na kila wiki badilisha robo ya tangi, sio yote.

Jambo la pili ndo lilimtesa shemeji yangu wa Newala. Wasomaji wa huku wanajua uwanda wa Makonde maji ni shida, watu wanakinga mvua kwenye visima vya nyumbani, na yeye akajaza tangi lake maji hayo ya mvua. Alisubiri wiki zote vizuri nilivyomwelekeza na bado samaki wakawa wamepauka, mapezi yamejikunja. Maji ya mvua hayana chumvichumvi za mawe, ni mepesi, wakati Nyasa maji yake yana pH (kipimo cha uchachu wa maji, namba ikipanda uchachu unapungua) ya 7.8 mpaka 8.6 hivi. Nikampelekea kiroba cha mawe ya matumbawe kutoka Mikindani, yale makavu ya kwenye kuta za zamani zilizobomoka, na maganda ya kome, akayaosha akapanga humo, mengine akayatia kwenye filta, ile chokaa yake ikaipandisha pH ya maji taratibu. Mpaka leo samaki wake wako vizuri. Ila tafadhali mtu asiende kuvunja matumbawe hai baharini, Msimbati na Mnazi Bay ni hifadhi, na haya makavu yamejaa nchi kavu.

Mawe yapange kwanza, yakae chini kabisa kwenye kioo, ndo umwage mchanga, kwa sababu mbuna wanafukua na jiwe lililokaa juu ya mchanga litakuja kuanguka lipasue tangi. Weka mapango mengi, dume mmoja majike watatu, wanagombana sana hawa. Chakula kiwe cha majanimajani, porini wanakula ule ukijani wa kwenye mawe, ukiwazoesha nyama matumbo yanavimba wanakufa. Halafu siku moja utaona jike kidevu kimetuna na hali chakula, usimpe dawa, huyo ana mayai mdomoni, anayabeba karibu wiki tatu mpaka watoto watoke wanaogelea. Mimi nilikaa chini mbele ya tangi nikamwangalia mpaka usiku wa manane.

Kinachonifanya niandike hasa ni hiki. Nimesikia mtu aliyechoka na mbuna wake akaenda kuwamwaga Ziwa Rutamba huko Lindi, anaona kawafanyia wema. Ndugu yangu, Rutamba, Nambawala na Mitupa yana perege wao wa asili, jamii ya wale wa Korogwe, na tayari perege wageni walioletwa huko wameshazaliana nao, damu inachanganyika. Ziwa Viktoria walipandikiza sangara miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, aina zao ngapi zimepotea? Mbuna wako pengine atakufa tu kwa kukosa mawe, lakini ugonjwa aliokuja nao unabaki majini.

Wauzaji, mwambieni mteja haya kabla hamjachukua hela yake, na mpokee samaki anayerudishwa hata bila kumlipa mtu. Aliyechoka ambaye duka limemkatalia ampe mwenye tangi mwingine, hapa Chuno tupo kadhaa na tuna nafasi.

Msomaji wenu,
Chuno, Mtwara