Malalamiko ya kubadilishwa jina la mnufaika kwenye bima ya maisha ya marehemu mume wangu

Morogoro,
12 Mei 2025

Meneja,
Idara ya Madai,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjane wa mteja wenu aliyefariki tarehe 3 Februari mwaka huu. Alikata bima ya maisha kwenu mwaka 2013, akaniandika mimi kuwa mnufaika. Nilipoleta cheti cha kifo niliambiwa jina langu halimo tena, lipo la mdogo wake. Nakala ya fomu ya mabadiliko nimeipata baada ya kuja ofisini mara nne.

Fomu hiyo ina tarehe 14 Novemba 2024. Siku hiyo mume wangu alikuwa wodini, siku ya sita tangu apate kiharusi. Upande wote wa kulia ulikuwa umepooza, hata uji nilimnywesha kwa kijiko. Naye alikuwa mtu wa kuandika kwa mkono wa kulia. Sasa saini ile iliyonyooka, na mstari chini yake, aliiweka kwa mkono upi? Siku mbili kabla, hospitali ilimwekesha dole gumba la kushoto kwenye fomu ya ridhaa ya matibabu, nakala nimeiambatisha. Shahidi kwenye fomu yenu ni wakala wenu, ambaye sikumwona wodini hata mara moja, nami nilikuwa nalala palepale.

Karani wenu ananiambia nikalete barua ya usimamizi wa mirathi. Ya nini? Hata nikiileta, si mtamlipa aliyeandikwa kwenye hati? Ninachobishania ni jina. Mirathi ina kikao chake.

Sikatai kwamba mwenye bima ana haki ya kubadilisha mnufaika. Angeniambia mwenyewe ningenuna, yakaisha. Na shemeji simwiti mwizi, huenda naye aliletewa tu habari. Nauliza nani hapo kwenu alihakiki saini hiyo, na aliilinganisha na ipi.

Naomba malipo yasimame, nionyeshwe fomu halisi, na wakala aeleze kwa maandishi alimsainisha wapi na saa ngapi. Kama kuamua kati yetu wawili kunawashinda, pelekeni fedha mahakamani zikae huko. Nisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14, nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nakala kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Wenu,
Mjane wa marehemu

Viambatisho: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, nakala ya fomu ya ridhaa, nakala ya hati ya bima ya 2013.