Kwa mabinti wa nyumba za rali: semeni kabla gari halijanunuliwa

Mabinti zangu,

Nawaandikia nyinyi mliozaliwa katika nyumba ambamo vikombe vya ushindi vimejaa juu ya kabati, na maongezi ya chakula cha jioni ni tairi lililopasuka Elmenteita na springi iliyokatika Kedong. Wengi wenu nawajua. Nimewapakata mkiwa wachanga, huku mama zenu wamekodoa macho barabarani wakingoja vumbi la gari la baba. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye meza za vituo vya ukaguzi, saa mbele yangu, nikijaza kadi ya muda kila gari lilipoingia. Kazi ile ilinikutanisha na koo zote za rali, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema nanyi kama shangazi yenu.

Tangu utotoni mmeambiwa maji hufuata mkondo. Katika rali yetu msemo huo una mashahidi wengi. Vic Preston alishinda Safari, yaani rali yetu kubwa ya Afrika Mashariki, mwaka 1954, ikiwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, akashinda tena 1955, na baadaye mwanawe Vic Preston Jr akashika usukani. Joginder Singh alipotwaa ushindi wa 1965 ndani ya Volvo, aliyeketi kando yake alikuwa nduguye Jaswant. Frank Tundo alikimbiza magari, kisha mwanawe Carl akashinda Safari mara tano. Phineas Kimathi, naye dereva wa miaka mingi, alimpa mwanawe jina la McRae, yule Mskoti Colin McRae aliyeshinda hapa 1997, 1999 na 2002, na kijana huyo akawa dereva kweli.

Hebu rudieni majina hayo. Ni baba na mwana, kaka na mdogo wake. Mabinti nao walikuwamo nyumbani. Walishika tochi usiku makanika walipolala chini ya gari. Walipakia mikate na chupa za chai, wakaweka hesabu za petroli kwenye daftari. Wamekua, wameolewa, wamezeeka, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wangependa kuendesha.

Sasa mambo yamegeuka, na hapa ndipo penye shauri langu. Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, wadhamini wanapenda kumwona msichana amevaa helmeti. Picha yake inauza. Nimemwona baba ambaye hakumruhusu binti yake mkubwa aguse jeki, leo anamletea kitinda mimba ovaroli iliyokwisha kubandikwa majina ya makampuni. Nafurahi kwamba milango imefunguka. Susan Muwonge alipotwaa ubingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011, akiwaacha wanaume wote nyuma, nilishangilia kama amenitoka tumboni. Lakini binti anayesukumiwa kiti cha dereva na yule anayenyimwa wako pamoja: kote kuwili aliyeamua si binti mwenyewe.

Niwasimulie habari za Pat Moss, maana huyu alikuja kukimbia kwetu. Alikuwa Mwingereza. Baba yake, Alfred, alishiriki mbio za magari za Indianapolis, Marekani, mwaka 1924. Mama yake naye alishindana kwa magari. Kaka yake ni Stirling Moss, ambaye jina lake linajulikana popote magari yanapokimbia, na ndiye aliyemfundisha Pat kuendesha akiwa na miaka 11. Nyumba kama hiyo ingetosha kumfanya mtu aone hana pa kupitia ila pale pale. Pat akachagua farasi. Aliruka nao vizuizi hadi akaingia timu ya Uingereza. Rali ilimjia akiwa mtu mzima, na alipoitaka aliiomba mwenyewe: mwaka 1955 aliiambia kampuni ya Standard-Triumph kwamba angekimbia na gari lake ikiwa wangemlipia gharama tu. Wakakataa. Kampuni ya MG ikampa gari na gharama, naye akaenda huko. Mwaka 1960 alishinda rali ya Ulaya ya Liège–Rome–Liège, akawapita madereva wote, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1962 akaja Afrika Mashariki na gari dogo la Saab, akamaliza wa tatu katika Safari, enzi zile ambazo Safari ilikuwa maelfu ya kilomita za barabara ambazo ng'ombe na malori walikuwa wakizitumia saa hiyo hiyo.

Pat aliolewa na Erik Carlsson, bingwa wa rali wa Uswidi. Wakapata binti. Binti huyo, mwenye baba na mama wa rali, mjomba wa Formula One na babu wa Indianapolis, akaenda zake kwa farasi. Sikusikia kwamba kuna mtu aliyemlilia.

Na kando ya Pat, mwaka 1960 na hata hapa kwetu 1962, alikuwapo Ann Wisdom. Wazazi wake wote wawili, Tommy na Elsie, walikuwa madereva wa mbio. Yeye aliketi kiti cha mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, na hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu katika nyumba zetu kiti hicho hutolewa kwa binti kama pipi ya kumnyamazisha.

Siku za kukagua njia, gari hupita kwa mwendo wa pole. Dereva anataja anachokiona: kona inakaza, jiwe upande wa ndani, mto mkavu nyuma ya kilima. Mwelekezi anayaandika yote kwa alama zake mwenyewe kwenye daftari lililofungwa kwa waya, penseli ikirukaruka. Usiku anayasafisha. Siku ya mbio gari linapaa, shingo inatikisika, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na yeye ameinama kwenye karatasi, haoni barabara, anasoma kona ambayo bado haijafika. Akichelewa kwa pumzi moja dereva anaingia kona asiyoijua. Akiwahi mno dereva anasahau. Anabeba kadi ya muda, anajua dakika ya kuingia kituoni na dakika ya kutoka, na tairi likipasuka anashuka naye kufungua nati. Nimewaona waelekezi wakinipa kadi mikono ikitetemeka kwa uchovu, na hesabu zao zikiwa sahihi. Mkiwekwa kwenye kiti hicho ili msinung'unike, kikataeni. Mkikipenda, kishikeni kwa mikono miwili wala msiombe radhi kwamba hamkutaka usukani.

Kuna binti mmoja wa Nakuru, simtaji. Angekaa sebuleni, gari la baba likiingia getini, akasema gia ya tatu ina tatizo, na mafundi wakiifungua wanakuta ni kweli. Alitaka kuwa fundi. Baba alitaka dereva, na alikuwa na mdhamini tayari. Binti alinyamaza kwa heshima. Alinyamaza gari lilipotafutwa, akanyamaza mkopo ulipochukuliwa, akanyamaza alipopimwa ovaroli. Alisema siku gari liliposhushwa kutoka kwenye lori, mbele ya watu. Baba aliona ameaibishwa, na kwa hilo simlaumu sana. Ilichukua muda mrefu kabla hawajaketi meza moja. Leo wanaketi, na gia za magari ya vijana wengi wa Bonde la Ufa hupita mikononi mwa binti huyo. Ila ule uchungu wa katikati haukuwa na ulazima.

Ndiyo maana nawaambia, semeni mapema. Kabla gari halijanunuliwa, kabla jina halijapelekwa kwa mdhamini, kabla baba hajawaambia marafiki zake. Heshima kwa mzazi haidai mtoto akae kimya mpaka pesa ziishe. Baba wa rali ni mtu wa mipango. Anajua kupokea habari mbaya kilomita mia moja kabla ya mwisho, kinachomvunja ni kuipokea mstarini.

Na mnaotaka kuendesha, msiseme tu "nataka". Elezeni mnataka nini, kwa muda gani, na mtachangia nini. Michèle Mouton alianza kama mwelekezi. Baba yake, mkulima wa Grasse kule Ufaransa, akamwambia kwamba kama anaitaka kazi hii basi aendeshe mwenyewe: atamnunulia gari, atamgharamia msimu mmoja, hapo aonyeshe uwezo wake. Yalikuwa mapatano, kila mmoja akijua mwisho wake uko wapi. Mwaka 1981 alishinda rali ya Sanremo kule Italia, mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia, na mwaka 1982 alikuwa wa pili duniani. Mwaka 1983 alikuja Safari na mwelekezi wake Fabrizia Pons, ndani ya Audi Quattro, wakamaliza wa tatu. Mimi napenda ule mwaka mmoja wa baba yake kuliko vikombe vyote. Binti alijua gari si zawadi ya kudumu, na baba alijua hatadaiwa daima.

Wenye hofu, itajeni. Mmekulia karibu na magari yaliyopinduka, mmeketi hospitalini mkingoja daktari atoke. Anayesema "sitaki kwa sababu naogopa" ametoa sababu kamili, hahitaji kuitafutia nyingine.

Wanaotaka kuondoka kabisa, wakawe mahakimu, wafugaji au walimu wa muziki, waende. Msiende kwa kuibeza kazi iliyowalisha, wala msisubiri ruhusa ya kila mjomba. Nendeni mtazameni baba akikimbia, mpigieni simu akimaliza hatua ya mbio, kisha rudini kwenye shughuli zenu.

Najua kuna nyumba ambazo binti hawezi kumkabili baba ana kwa ana, na sitawashurutisha. Kwetu kuna njia ya zamani, na bado inafanya kazi: neno hupitishwa kwa shangazi. Mtafuteni yule ambaye baba humsikiliza, hata kama ni dada yake mkubwa anayeishi Eldoret na hajawahi kupanda gari la mbio. Mketisheni, mwambieni lote, pamoja na pesa, pamoja na hofu, naye alipeleke jioni wakati hakuna wageni, msimu ungali mbali. Na usipokuwa na shangazi wa kumtuma, nitume mimi. Baba zenu wananifahamu, na wengi wao bado wananiamkia kwa heshima.

Ni mimi mzee wenu wa kituo cha muda,
Naivasha