Yule mama kwenye dola sio Pocahontas

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko form two na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya sarafu za dola moja ya Marekani wiki iliyopita imenishinda. Mmeandika chini ya picha "Pocahontas". Yule ni Sacagawea, Mshoshone, yaani wa kabila moja la wenyeji asilia wa Marekani, aliyeenda na msafara wa wapelelezi Lewis na Clark mpaka bahari ya Pasifiki. Na mtoto aliyembeba mgongoni, vilevile mama zetu wanavyobeba kwa kanga, ni mwanae Jean Baptiste, kazaliwa Februari 1805 msafara ukiwa haujamaliza hata mwaka, akaenda hivyohivyo mgongoni na kurudi. Mnaachaje hilo?

Halafu eti imechongwa kutoka picha yake ya zamani. Hakuna picha yake! Msanii Glenna Goodacre alimtumia binti wa Kishoshone, Randy'L He-dow Teton, awe mfano. Dhahabu mliyoiandika nayo hamna, ni shaba na zinki, manganizi na nikeli.

Inaniuma kwa sababu dada yangu yuko Ohio, alinitumia sarafu hizo 15, alizikusanya kidogokidogo maana tangu 2009 mgongo wa sarafu unabadilishwa kila mwaka, kuna ya mama anapanda mahindi na maharage na maboga, kuna ya 2018 ya Jim Thorpe mwanariadha, ya 2023 ina Maria Tallchief anacheza balei. Nikapeleka moja tu duka la kubadilisha hela hapa mjini, nilitaka kujua wanapokea au la, kijana wa dirishani akaigonga kwenye kaunta, akacheka, akawaita wenzake wawili waje waone, eti mzee kaleta hela ya kuchezea watoto, na foleni nzima nyuma yangu inasikia. Nilitoka pale natetemeka. Ecuador wananunulia mkate sarafu hiyohiyo!

Na hao hao mwezi uliopita walikataa noti yangu ya dola mia ya 2003, eti ya zamani. Noti za Marekani za tangu 1861 bado ni halali kwao, sasa hao wa dukani wanazikataa kama nani?

Naomba msahihishe, na sio kimstari kimoja kule kwenye matangazo ya vifo. Wekeni ukurasa wa tatu, pande zote mbili za sarafu, kubwa kama sahani, jina lake kwa herufi nzito, kisha kila duka la kubadilisha hela lipewe nakala ibandikwe pembeni ya kibao cha bei. Sarafu ninazo zote 15. Mkitaka kuzipiga picha nitazileta Jumanne, ila nitakaa hapohapo mpaka mmalize.

Msomaji wenu wa siku nyingi