Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanafunzi Watanzania hapa Ujerumani,

Mwaka huu tulipokea wageni stesheni, tulifuturu pamoja, tulicheza mpira na Wakenya (matokeo mnayajua) na tarehe 26 Aprili tukasherehekea Muungano. Picha mnazo, sitarudia.

Niende kwenye lile lililosemwa sana kwenye kundi letu, tena na watu ambao hawakuwepo. Nazungumzia euro 168 ambazo chama kililipa kwa sababu ya taka zilizochanganywa.

Usiku ule wa Muungano kila kitu kilitupwa kwenye pipa la njano la bweni: mabaki ya pilau, mifupa, pampasi, majivu ya mkaa, hadi beseni lililopasuka. Siku ya kuzoa taka, wazoaji walifunua, wakakuta mchanganyiko, wakabandika stika nyekundu ya kukataa, wakaondoka. Msimamizi wa jengo akaita gari maalumu, na bili ikaja kwa chama, kwa kuwa ukumbi tuliuchukua kwa jina la chama na fomu nilisaini mimi. Barua ilitupa siku 14. Niliitisha mkutano wa dharura. Kati ya wanachama 52 walikuja 9, na katiba yetu inataka theluthi moja. Nikalipa. Wanaodai nilitoa fedha bila idhini wanieleze, idhini ningeiomba kwa nani? Kwa viti?

Nimesikia pia kwamba kutenganisha taka ni mambo ya Wajerumani, kwetu taka ni taka. Jamani! Kwetu ukinunua soda ya chupa kwa Mangi ukataka kuondoka nayo, si unaacha hela ya chupa? Pfand, yaani amana ya chupa, ni hiyo hiyo, ila huku anayekurudishia ni mashine: senti 25 kwa chupa ya plastiki ya kutumia mara moja au kopo, senti 8 kwa chupa ya kawaida ya bia. Na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nyumbani tarehe 1 Juni 2019 tulinung'unika, kisha tukabeba vikapu. Mimi mwenyewe nilipofika hapa nilizikanyaga chupa zikawa bapa ili zienee begini. Mashine ikazitema moja baada ya nyingine, foleni nzima ikinitazama mgongoni. Sisemi kama mtu aliyezaliwa anajua.

Kwa ambao hawakusoma tangazo: pipa la njano katika mji wetu ni la vifungashio tu, na beseni si kifungashio hata kama ni plastiki. Pampasi, risiti za dukani na majivu yaliyokwisha kupoa ni pipa jeusi. Maganda ya ndizi ni pipa la kahawia, bila mfuko wa plastiki. Chupa za vioo zisizo na Pfand zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, nyeupe, kahawia na kijani. Ya bluu inaingia kwenye kijani. Wala hazitupwi Jumapili, muulizeni mwenzetu aliyefokewa na bibi wa dirishani. Tangazo hilo niliandika mimi, usiku, wiki ya mitihani yangu, nikalibandika kwenye majiko ya mabweni matatu. Moja nimelikuta limefungiwa maandazi.

Uamuzi mwingine uliozua maneno ni kwamba chupa za shughuli za chama ni mali ya chama. Tangu Mei tumerudisha chupa na makopo 412 ya senti 25, yaani euro 103, na safari nyingi za dukani nimebeba mifuko mimi. Pengo lililobaki kwenye zile 168 ni euro 65. Jina la "Mzee Chupa" nimeshalisikia. Nimelipokea.

Ada ni euro 20 kwa mwaka. Waliolipa ni 19, sawa na euro 380. Tunaowadai ni 33, sawa na euro 660. Katika hao 33 wamo waliopiga kelele kuliko wote kuhusu hizo 168. Sitaji mtu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuandaa semina ya taka kwa wageni wa Oktoba, na ikiwezekana kumwalika mtu wa manispaa. Tarehe itatangazwa, Mungu akipenda.

Mweka hazina yupo pale mlangoni na daftari lake. Anapokea taslimu, na chenji anayo.