Jipu lenye kitundu, lipakeni mafuta kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wazazi kuhusu majipu yanayowatoka watoto mgongoni, kiunoni na matakoni, hasa majira ya mvua. Kabla ya kulikamua, litazame kwenye mwanga. Likiwa na kitundu katikati kinachovuja majimaji, na ndani yake vidoa viwili vyeusi vinavyojitokeza na kuzama, humo mna buu wa inzi wa embe. Vidoa hivyo ni matundu yake ya kupumulia. Antibayotiki haimtoi.

Kosa kubwa ni kumkamua angali mchanga. Mwili wake umezungukwa na vijimiba vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo ukimbana anazidi kung'ang'ania, na akipasukia ndani kidonda huvimba na kutunga usaha. Paka mafuta ya mgando kwa wingi, uzibe kitundu chote, usubiri walau nusu saa. Pengine huchukua saa kadhaa. Akikosa hewa atajisogeza juu. Hapo weka vidole gumba pande mbili za uvimbe, mbali kidogo na kitundu, ubonyeze chini kwanza ndipo usukume juu. Atatoka mzima, mweupe, mnene, urefu wa sentimita moja hivi. Osha kwa sabuni na maji safi. Asipotoka, wekundu ukisambaa au mtoto akipata homa, nendeni kituo cha afya. Wala msimchanganye na funza wa vidoleni. Yule ni jamii ya kiroboto na hutolewa kwa njia nyingine.

Chanzo ni nguo. Inzi huyu, wa rangi ya kahawia yenye umanjano, hukwepa jua. Hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini ya mti au juu ya majani. Mayai huanguliwa kwa siku 1 hadi 3, na vibuu vyaweza kukaa bila chakula hata siku 15 vikingoja joto la ngozi. Vikishaingia, hukomaa kwa siku 8 hadi 12.

Basi anikeni kwenye kamba, juani, kisha pigeni pasi ndani na nje. Wengi hupitisha pasi juu juu wakaruka mkanda wa chupi, mishono na mapindo, na huko ndiko unyevu unakochelewa kukauka na mayai yanakosalimika. Nepi za kitambaa zisikose pasi hata moja, pamoja na shuka, taulo na kanga ya kumbebea mtoto. Nguo isiyohimili moto ianikwe ndani, chumba chenye wavu madirishani.

Mwenye mbwa amkague miguu, masikio na mkia. Mbwa na panya ndio hasa wanaomlea buu huyu. Akikomaa hudondoka na kujifukia udongoni, akatoka humo akiwa inzi. Pale anapolala mbwa, mtoto asikalishwe mchangani.

Msomaji,
Muheza, Tanga